Kipa Aliyefuatwa Stesheni

Juzi nilipita kando ya shule moja hapa Mwene-Ditu, Kasai, nikamkuta mwalimu akichora mistari ya uwanja kwa chokaa. Alikuwa ameinamia kopo lililotobolewa matundu, anatembea polepole, kama mtu anayetafuta sindano kwenye majani. Upepo ukaniletea ile harufu: kavu, kali, yenye kuwasha koo. Nikasimama palepale na kikapu changu cha mboga. Watu wengine wakinusa chokaa hufikiria nyumba mpya. Mimi hufikiria uwanja wa mpira na mitaro ya vyoo ya stesheni ya Kolwezi, vyote viwili kwa pamoja, kwa sababu katika mwaka mmoja wa utoto wangu chokaa ilimwagwa kote kuwili.

Baba yangu aliitwa Mulumba. Siku za kazi alikuwa fundi umeme katika karakana ya kampuni ya shaba, na Jumapili alikuwa kipa wa Marteau, timu ya kambi yetu ya wafanyakazi. Marteau maana yake nyundo, lakini msimu ule, jamani, nyundo yetu haikupiga hata msumari mmoja. Tulikuwa daraja la pili la mji, na huko tulikuwa mkiani. Mshambuliaji wetu wa kati alikuwa akifumba macho kila alipotaka kupiga mpira kwa kichwa, na mpira ukimpata mgongoni alishangilia hivyohivyo.

Msiwacheke sana. Walikuwa wanacheza na njaa. Mgodi ulikuwa umeporomoka, mashine zilinyamaza moja baada ya nyingine, na gunia la unga ambalo kampuni ilikuwa ikigawa kila mwezi likawa hadithi ya wazee. Basi lililowabeba wachezaji likakosa mafuta. Walipokwenda kucheza Mutshatsha walipanda behewa la makaa. Wakafungwa mabao manne, wakarudi juu ya magunia, weusi wote kuanzia nywele hadi soksi. Mama alisimama mlangoni na taulo, akawatazama wanavyoshuka barabarani, akauliza, "Sasa wangu njo nani?" yaani wake ndiye yupi. Baba alicheka mpaka akakaa chini. Nadhani hiyo ndiyo mara ya mwisho niliyomwona akicheka nyumbani kwetu.

Alikuwa na msemo wake kuhusu kipa, ambaye sisi tulimwita gardien. Wenzake wakimlaumu kwa mabao, alijibu, "Gardien njo mutu mwenye kungoja mabaya." Kisha alinawa uso na kwenda kula. Mimi, mtoto wa miaka kumi na mmoja, niliona ni maneno ya mtu mvivu.

Mabaya yakaja, lakini si ya mpira. Babu zangu walitoka Kasai kuja kujenga reli na kuchimba shaba. Baba alizaliwa Kolwezi. Mimi nilizaliwa Kolwezi, na Kiluba cha Kasai nilikisema vibaya hata bibi alikuwa akiniziba mdomo kwa mkono. Lakini mwaka ule kwenye mikutano na redioni ilisemwa kwamba watu wa Kasai warudi kwao. Shuleni tukaitwa bilulu, yaani wadudu. Rafiki niliyekaa naye dawati moja alihamia dawati jingine bila kunitazama, akasahau raba yake ya kufutia. Nikabaki nayo. Sikujua nimrudishie au la.

Nyumba iliyotazamana na yetu ilikuwa ya kapteni wa Marteau, Tata Ngoy, yaani Baba Ngoy. Yeye alikuwa wa kaskazini ya Katanga, mkoa wa Kolwezi yenyewe, kwa hiyo hakuambiwa arudi popote. Alicheza nyuma, mbele tu ya baba, na walielewana kama watu wanaobeba meza moja. Mke wake na mama walikuwa wakiazimana chumvi na mchi. Asubuhi vijana walipokuja na mawe, nilikuwa dirishani na ndugu yangu mdogo Mbuyi mgongoni. Jiwe la kwanza lilipiga bati. La pili lilivunja kioo. Nikatazama ng'ambo, nikamwona Tata Ngoy amesimama dirishani kwake, na fulana yake ya ndani. Tukatazamana. Kisha mkono wake ukavuta pazia.

Tuliondoka na godoro, sufuria mbili, na mfuko wa nguo. Wachezaji wengine watatu wa Marteau waliondoka juma hilohilo.

Stesheni nzima ilikuwa imejaa watu kama sisi. Wengine walilala kwenye majukwaa, wengine chini ya mabehewa mabovu. Sisi tulipata ukuta wa ghala. Baba akafunga shuka juu yake, ikawa nyumba. Mvua ikinyesha, nyumba ilikuwa inanyesha pia. Treni haikuwa na siku wala saa. Ilikuja ilipotaka, ikajaza watu hadi juu ya paa, ikaondoka, na waliobaki walingoja tena wiki, au zaidi ya wiki. Watu walichimba mitaro nyuma ya ghala, na kila asubuhi mwanamume mmoja alipita kuimwagia chokaa. Surua ikaingia. Ilianzia kwa watoto wa upande wa mnara wa maji, ikatembea ukuta kwa ukuta kama mgeni anayesalimia kila nyumba. Ikafika kwa Mbuyi.

Alikuwa na miaka miwili. Macho yake yalivimba, akakataa maziwa, akakataa uji, akakataa hata kulia. Mama alimkanda kwa maji siku tatu. Siku ya nne mama mwenyewe akaacha kusema na mtu.

Ndipo Jumapili asubuhi Tata Ngoy akaja, amevaa shati la kanisani, ameshika viatu vya baba vya mpira na glavu zake. Vitu hivyo vilibaki nyumbani tulipokimbia. Maana yake, alikuwa ameingia nyumbani kwetu. Hakuna aliyemuuliza.

"Mulumba, ndugu yangu," alisema, amesimama mbali kidogo. "Leo njo mechi ya mwisho. Tukipoteza, tunashuka. Gardien hatuna. Ule kijana tulimuweka, mupira inamupita hata akiikumbatia."

Mama ndiye aliyejibu, bila kuinua uso kutoka kwa Mbuyi.

"Gardien wenu mulimufukuza na majiwe. Leo munakuya kumulomba?"

"Mama Kapinga, miye sikutupa jiwe."

"Haukutupa. Ulifunga rideau."

Mimi ndiye Kapinga, na pazia hilo nililiona likifungwa. Niliangalia viatu vya Tata Ngoy, navyo vilisogea nyuma hatua moja. Kisha Tata Ngoy akasema kwa sauti ndogo kwamba muuguzi wa timu alikuwa na dawa: sindano za homa ya mapafu ambayo surua huleta, vidonge, na maji ya chumvi. Alikubali kuzitoa. Lakini baada ya mechi.

"Kisha mechi," baba alirudia.

"Ni yee anasema vile. Hapana miye."

Baba akamtazama mama. Mama akamtazama Mbuyi. Halafu mama akanyoosha mkono, akachukua glavu kwa Tata Ngoy, akampa baba kama mtu anavyompa mwenzake jembe. Akasema, "Enda. Train ikikuya, nitatuma Kapinga."

Treni ikaja. Baada ya wiki tatu za kungoja, ilichagua alasiri ile. Nilisikia watu wakipiga kelele kabla sijaisikia yenyewe. Mama alikuwa tayari amemfunga Mbuyi mgongoni na ameshika kona ya godoro. "Kimbia!" alisema. Nikakimbia. Nilipita soko, nikapita barabara ya karakana, miguu mitupu juu ya changarawe, na njia nzima nilikuwa nikisema moyoni: ikiondoka bila sisi, ikiondoka bila sisi. Sikuweza kulimaliza wazo hilo.

Uwanja ulikuwa umejaa. Nilijipenyeza kati ya miguu ya watu wazima hadi kwenye mstari, nyuma kidogo ya goli letu. Na hapo niliona kitu ambacho kilinikaa kooni kwa miaka mingi. Watu walikuwa wakimshangilia baba. Watu wa kambi yetu, na baadhi ya wale vijana wa mawe wenyewe, walikuwa wakiimba "Gardien! Gardien!" kwa sababu mechi ilikuwa bado sifuri kwa sifuri, na alikuwa ameokoa, nilisikia mtu akisema, mipira ya kufa mtu. Na baba, nikwambieni ukweli, alikuwa anang'aa. Alisimama wima. Alikuwa akiwapanga walinzi kwa kidole, wewe hapa, wewe pale, na wao wakimtii. Mtu ambaye stesheni alikuwa anatembea ameinama kama anayeokota kitu.

"Tata!" nilipiga kelele. "Tata! Train imefika! Mama anasema ukuye!"

Alinisikia. Aligeuka, akaniona, na akainua mkono wake wenye glavu: ngoja.

Ilikuwa kona. Mtu wa upande wa pili alikuwa anaweka mpira penye kibendera, anautoa, anauweka tena. Mimi nilikuwa nalia na kukanyaga chini. Mpira ukaja juu sana, baba akatoka golini, akapita juu ya vichwa vyote, akaupiga kwa ngumi mbili hadi katikati ya uwanja. Uwanja ulilipuka. Yeye hakungoja kelele hizo. Alivua glavu, moja, halafu ya pili, akampa Tata Ngoy mkononi, akaanza kutembea kuja kwangu. Hakukimbia. Alitembea.

Wimbo ulikatika. Kisha nikasikia sauti moja, "Kilulu anatukimbia!" na nyingine zikaifuata, zilezile zilizokuwa zikiimba. Gunzi la muhindi likampiga begani.

Muuguzi alikuwa amekaa kwenye benchi, mfuko katikati ya miguu yake. Baba akasimama mbele yake.

"Mechi haiyaisha," muuguzi alisema, akautazama uwanja.

Baba akanyoosha mkono kuelekea mfuko. Hapo Tata Ngoy akaja mbio akitoka uwanjani, glavu za baba mkononi, mwamuzi akipuliza filimbi nyuma yake.

"Leta ile dawa."

"Ngoy, tulipatana..."

"Leta, ao na miye ninatoka. Mutacheza na nani?"

Akaunyakua mfuko mwenyewe, akanipa mimi, si baba. Nadhani hakuweza kumtazama baba. "Kimbia, mama," aliniambia. Kwetu mtoto wa kike huitwa hivyo kwa upendo, naye alikuwa akiniita hivyo tangu nilipoanza kutembea.

Tulikimbia. Tulimkuta mama ameshajipenyeza katika behewa la mizigo, ameketi juu ya godoro, anapigana kwa viwiko kulinda nafasi yetu. Mwanamke mmoja aliyekuwa mkunga alimchoma Mbuyi sindano ya kwanza pale pale. Baba akapanda na jezi ya Marteau mwilini, matope hadi magotini, na watu wakamtazama kwa mshangao, kama mtu aliyekosea treni.

Na treni haikuondoka. Ilikaa pale saa baada ya saa, hadi jua likazama. Baba angeweza kumaliza mechi ile, akacheza nyingine, akaoga.

Mbuyi alikufa siku ya tatu ya safari, baada ya Kamina, katika kituo ambacho treni ilisimama bila sababu. Tulimzika kando ya reli. Baba alichimba kwa koleo la kuazima, haraka, kwa sababu injini ilikuwa inapiga honi. Mama hakumlaumu kwa neno hata moja. Mimi ndiye niliyemlaumu, kimya kimya, kwa miaka mingi sana. Nilikuwa nimefanya hesabu ya kitoto: kama asingeinua mkono, sindano ingefika mapema. Kila nilipomkumbuka ndugu yangu niliona glavu ile, na nyuma yake uso wa baba ukiwa na furaha, na furaha hiyo ndiyo sikuweza kumsamehe.

Nilikuwa nimeshazaa mtoto wangu wa pili nilipopata ujasiri wa kumuuliza. Baba alikuwa anatengeneza redio ya jirani, maana huku Kasai hakupata tena kazi ya karakana. Nilimuuliza ghafla, kama mtu anayetema mate, kwa nini siku ile aliinua mkono.

Hakujifanya hajui ni siku gani. Aliweka bisibisi mezani.

"Ningetoka mbele ya ile kona kupigwa," alisema, "goli ingeingia, na bangesema: angalia, anakimbia. Nilitaka kwanza niitoshe ile mupira. Kisha niende."

Hivyo tu. Akarudi kwenye redio yake.

Niliendelea kukaa pale, mtoto akinivuta nguo. Mimi pia nilitolewa Kolwezi, lakini nilikuwa mtoto, na mtoto hutolewa kila mahali: kitandani, mezani, mazungumzoni. Sikujua mtu mzima anasikia nini. Nyumbani tulitolewa kwa mawe. Karakana walimtoa kwa karatasi ya majina iliyobandikwa ukutani. Stesheni wenye treni walitusukuma kama mizigo. Katika mji wote aliozaliwa, mahali pamoja tu, uwanjani, ndipo alipotoka kwa miguu yake mwenyewe, kazi yake ikiwa imefanywa, na ilimgharimu muda wa kupiga kona moja tu. Mimi nilikuwa nimeubeba muda huo mfupi kana kwamba ni siku nzima.

Nilipomweleza mama jambo hili, alikuwa anachambua maharagwe. Alisikiliza hadi mwisho. "Ninajua," alisema. "Njo maana nilimupa magant miye mwenyewe." Kisha akaendelea kuchambua kwa mkono uleule uliompa baba glavu.