Siku nne kwenye pwani ya Misri: safari niliyoipanga na mume wangu tukiwa Kabambare, enzi za Wabelgiji

Wakuu, hodi jukwaani.

Mimi ni msomaji wa kimya humu kwenye jukwaa la safari. Nawaona mnavyoulizana hoteli, viza, siku ngapi zinatosha kuzunguka mji fulani. Nasoma, natabasamu, napita.

Leo naomba nafasi. Yalinikuta mwenyewe, sijaongeza chumvi. Nilipopasahau nitasema nimesahau.

Niiteni Mwamini. Naishi Kigoma, lakini nilizaliwa Kabambare, kule Maniema, Kongo, Wabelgiji wakiwa bado wametukalia. Nakaribia tisini na ninachapa kwa kidole kimoja, kwa hiyo makosa yatakuwepo. Kingwana, Kiswahili chetu cha Kongo, nacho kitachomoza humu ndani, mtanivumilia.

Twende.

Niliolewa nikiwa na miaka kumi na minane hivi. Mume wangu, Ramazani, alinizidi umri sana, alikuwa ameshatoka vitani. Labda wengine hamjui: vita kuu ya pili, Wabelgiji walichukua askari wa Kongo wakawapeleka mpaka Misri. Ramazani alikuwa mmoja wao.

Aliporudi akawa dereva wa lori la Mgiriki mmoja mwenye duka Kasongo. Anapakia mpunga na pamba Kabambare, anashusha Kasongo, anarudi na chumvi, sabuni na vitambaa.

Alikuwa mtu mpole, wa maneno machache. Unaweza kukaa naye tangu adhuhuri mpaka alasiri asikuambie zaidi ya "leta maji".

Isipokuwa kwa kitu kimoja. Bahari ya Misri. Ile mnayoiita Mediterania.

Hapo ulimi ulikuwa unafunguka. Aliniambia maji yale rangi yake haitulii. Asubuhi ni kama maji ya ndoo uliyotia buluu ya kufulia kidogo tu. Mchana buluu inakolea mpaka macho yanauma. Jua likianza kushuka, yanageuka rangi ya mawese.

Mimi nilikuwa sijawahi kuona maji yasiyo na ng'ambo. Hata Lualaba, pale chini ya Kasongo, ukisimama ukingoni unaona watu wa upande wa pili wanaoga.

"Sasa ng'ambo yake iko nini?" nilimuuliza.

"Hakuna ng'ambo. Iko mbingu tu, imeshuka mpaka chini."

Nilikuwa natwanga mpunga. Niliacha mchi ndani ya kinu, nikakaa.

"Siku moja nitakupeleka," akasema. "Siku nne zinatosha."

Ndivyo safari ilivyoanza, wakuu. Kwa maneno hayo tu.

Safari iliyofuata alirudi kutoka Kasongo na daftari. Akasema mtu hasafiri bila mpango, jeshini ndivyo walivyofundishwa. Lakini mpango huo utauandika wewe, akaniambia.

Mimi sikujua kusoma wala kuandika. Wazee wetu Waislamu waliogopa shule za misheni, waliona watoto watarudi na dini nyingine. Wasichana kama mimi tulihifadhi sura za Kurani kwa masikio, basi.

Ramazani akanifundisha. Kila alasiri asipokuwa njiani, tulikaa nyuma ya nyumba, mimi na daftari gotini. Watu wengine neno la kwanza huandika "baba" au "mama". Langu lilikuwa "Aleksandria". Herufi kumi na moja. Lilinichukua wiki.

Mpango wenyewe ulikuwa hivi. Siku ya kwanza, Aleksandria: kutembea kwenye barabara inayoifuata bahari kutoka pembe moja mpaka pembe ya pili, bila haraka, na kukaa kila tutakapochoka. Siku ya pili, Abukir, kula samaki. Siku ya tatu, Rashid, pale mto Naili unapoingia baharini, kuangalia maji mawili yanavyokutana. Siku ya nne, treni ya kandokando ya pwani mpaka Haifa, nchi ya jirani.

Njia ya kufika huko ndiyo ilikuwa kichekesho. Lori mpaka Kindu. Mashua na treni mpaka Stanleyville. Lori tena mpaka Juba. Kutoka hapo meli ya Naili, treni ya jangwani, meli nyingine, treni nyingine. Ndiyo njia waliyopitishwa askari.

Mwezi mzima kwenda, siku nne za kuangalia, mwezi mzima kurudi. Hatukuona tatizo lolote.

Pesa zingetoka wapi? Nimejaribu kukumbuka kama tuliwahi kuulizana hilo. Sikumbuki.

Miaka mitatu tulipanga. Nikienda kupalilia, nilikuwa naipitia siku ya kwanza yote kichwani mpaka mwisho wa shamba. Nilijua tutakaa wapi, nitavaa kitambaa gani, upepo utatoka upande gani.

Mara nyingine Ramazani alinichukua kwenye lori mpaka Kasongo. Tulikuwa tunapita Lusangi asubuhi, ukungu umejaa mabondeni, vilele vya vilima tu vimebaki nje. Alizima mota tukashuka. Kimya. Ukungu ule mweupe unasogea taratibu, unapanda, unarudi, kama kitu kinachopumua.

"Ndivyo bahari inavyofanya?" niliuliza.

Aliinama kuangalia gurudumu. "Karibu hivyo," akasema.

Yule Mgiriki, Bwana Stavro, kumbe alizaliwa Aleksandria hiyohiyo. Siku aliposikia habari zetu alicheka kwanza, halafu akafunga duka mapema akatuita nyuma, akatupa viti. Alituambia majina ya mitaa, wapi wanauza karanga za moto, wapi kuna kivuli.

Ndiye aliyetuvunja moyo kuhusu siku ya nne. Treni ya Haifa haivuki tena, alisema. Vita ilipita pale, pakawekwa mpaka, reli ikakatwa.

Nilichukua kalamu nikapiga mstari juu ya Haifa, na machozi yalinitoka. Kwa mji ambao hata picha yake sikuwahi kuiona. Bwana Stavro akatupa mji mwingine badala yake, Marsa Matruh, alisema mchanga wake ni mweupe kama unga wa muhogo.

Kisha akamgeukia mume wangu. "Ramazani, nyinyi askari muliwekwa mutaa gani?"

Ramazani akasema amesahau, akatoka kwenda kuangalia mzigo kwenye lori. Sikutia maanani.

Sasa, zamani zile mtu mweusi hakutoka tu teritwari yake, yaani wilaya, akaenda anakotaka. Ilibidi upate karatasi ya njia. Mwaka wa tatu tukaona mpango umeiva. Tukaenda ofisi ya teritwari kuomba.

Asubuhi ile Ramazani alitaka twende na daftari tu. Mimi ndiye niliyefungua sanduku nikatoa kitabu chake cha askari. Niliona kitatusaidia: wakiona ametumikia vitani watatuheshimu. Kilikuwa kimeandikwa Kifaransa, mimi nilijua kusoma Kiswahili tu.

"Kiache," akasema.

"Kwa nini? Huu ndio ushahidi wetu."

Hakubishana. Alikitia mfukoni.

Tulimkuta ajenti mmoja wa serikali, Mbelgiji kijana, mwenye uso uliobabuka kwa jua. Alizungumza Kingwana kama sisi, ila kwa ukali. Alisoma daftari ukurasa kwa ukurasa. Kwenye kila jina la mji aliweka kidole.

Wakuu, wakati ule Misri ilikuwa jina la kutisha kwa Wabelgiji. Kule serikali ilikuwa imebadilika, redio yao ilikuwa inawasema wakoloni. Na sisi Waislamu wa Maniema tulikuwa tunaangaliwa kwa jicho la pembeni siku zote. Halafu wanaingia ofisini mke na mume wa Kiislamu wameshika daftari lenye miji ya Misri, siku, na njia za kupita. Sisi hatukuliona hilo hata kidogo.

"Munaenda kuonana na nani kule?" akauliza.

"Hakuna mutu," Ramazani akasema. "Tunaenda kuangalia bahari."

"Kuangalia tu?"

"Ndiyo, bwana. Siku nne."

Ajenti akapiga daftari kwa kiganja. "Nani aliandika hii? Mwarabu gani aliwapa?"

Nilikuwa nimewaona watu waliochukuliwa Kabambare kwa sababu ndogo kuliko ile, wakapelekwa mbali wakakaa miaka.

"Niliandika mimi," nikasema.

"Wewe? Ulisoma shule gani?"

"Sikusoma shule. Nilisomea humo ndani ya daftari."

Akanisukumia karatasi na kalamu. "Andika: Mimi ni mutu wa Kabambare."

Niliandika. Polepole, kwa herufi zangu kubwa zinazolala upande. Aliweka karatasi kando ya daftari, akalinganisha. Akavuta pumzi.

Halafu akaomba kitabu cha askari.

Alisoma, akarudia, akamtazama mume wangu. Safari hii hakuwa mkali. "Ramazani, hapa wanasema ulikuwa kambini karibu na Kairo. Dobi wa hospitali. Tangu siku ya kufika mpaka siku ya kurudi. Wewe hukufika baharini."

Akalisogeza daftari kwa Ramazani. "Sasa hii yote nani alikuambia?"

Ramazani alikuwa anatazama sakafu. "Kalonda," akasema. "Askari mwenzangu. Yeye alifika. Alilala hospitali miezi mitatu, mimi nilikuwa nabadilisha mashuka yake. Kila siku alisimulia. Alisema akipona ataleta muke wake, siku nne."

"Huyo Kalonda iko wapi?"

"Alikufa, bwana."

Ajenti akafunga daftari. Karatasi ya Misri alikataa. Daftari akasema linabaki ofisini, na likabaki, hatukuliona tena. Lakini nafikiri aliona aibu kidogo, kwa sababu alitupa karatasi nyingine: siku kumi, kwenda Albertville na kurudi. Siku hizi panaitwa Kalemie, ng'ambo ya ziwa hili hili la Kigoma.

"Kule pia iko maji mingi," akasema.

Tukatoka.

Sikuongea na mume wangu siku tano. Kupika nilipika, shambani nilienda. Lakini kila nilipojaribu kuifungua siku ya kwanza kichwani, ile barabara ya bahari, nilikuwa naona shuka limeanikwa. Nilijisikia kama mtu aliyeibiwa nyumba akiwa amekaa ndani yake.

Siku ya sita nilimkuta nyuma ya nyumba, pale pale tulipokuwa tunaandikia. Nikakaa.

"Kwa nini hukuniambia?"

Akafuta vumbi magotini. "Mwanzo nilikuwa nasimulia tu, kama Kalonda alivyosimulia. Halafu niliona unavyosikiliza. Ulivyokuwa unasikiliza, hata mimi niliona kama nilifika."

Nilitaka kumjibu kwa hasira, na maneno nilikuwa nayo. Lakini lilinijia wazo jingine. Miaka mitatu yote mimi nilikuwa mgeni kwenye safari ile, yeye mwenyeji anayenishika mkono. Kumbe hakuna mwenyeji. Hakuna hata mmoja kati yetu aliyewahi kuiona bahari ile. Tulikuwa sawa.

Nikamwambia, "Karatasi ya Albertville inaisha lini?"

Tukaenda. Lori mpaka Kongolo, kisha treni. Tulifika asubuhi ya siku ya tatu, tumechoka, tumejaa masizi. Tulishuka moja kwa moja mpaka ziwani, mizigo kichwani.

Ng'ambo haikuonekana. Kulikuwa na utusitusi tu mbali, maji na mbingu vimechanganyika, huwezi kusema kimoja kinaishia wapi. Tulikaa mchangani. Tukatazama mpaka jua likatupata utosini.

Ndipo Ramazani akaanza kuongea. Si ya bahari. Aliniambia habari za hospitali. Mashuka mangapi yalikuja na damu, jinsi alivyoyaloweka usiku kucha, jinsi mikono yake ilivyochubuka kwa sabuni. Majina ya waliokufa, mmoja mmoja, na kijiji cha kila mmoja. Kalonda alivyomshika kidole mwishoni akidhani ni mke wake, naye hakumsahihisha.

Tulikuwa na miaka mitatu kwenye ndoa na sikuwahi kusikia hata neno moja katika hayo. Alilia. Mimi nilikuwa nimeshika mkono wake, natazama maji.

Wakuu, siku ile ndiyo naihesabu kuwa nilimjua mume wangu.

Misri hatukufika. Ulikuja uhuru, zikaja vurugu, tukavuka ziwa tukakimbilia huku Kigoma, tukazaa, tukalea. Yeye alishatangulia, miaka mingi sasa. Bado kuna alasiri natembea kwenye barabara ile ya Aleksandria bila haraka, na nikichoka nakaa.

Funzo nililopata mimi: mwenzako akikusimulia sana mambo ya mbali, msikilize, usimdharau. Ila siku moja mtafutie mahali patulivu umuulize ameona nini kwa macho yake. Inawezekana hajawahi kuulizwa.

Na mpange safari zenu, hata kama hamjui mtaenda lini. Mimi ile safari ilinifundisha kusoma.

Ni hayo tu. Wenye maswali leteni, nitajibu polepole kidole kikiruhusu. Na wale mlio na safari mliyoipanga na mtu halafu hamkuenda, andikeni hapa chini ilikuwa ya wapi. Nitazisoma zote.