Nilivyomtetea Mpinzani Wangu

Jamani, mnaniona hivi, mbunge wa vipindi vinne, watu wananiamkia barabarani, lakini kuna siku nilijimaliza kwa mdomo wangu mwenyewe, na nikiikumbuka naona aibu hata nikiwa peke yangu chumbani.

Ilikuwa mara yangu ya kwanza kugombea, vyama vingi vimeanza juzijuzi, nami wakili kijana wa Sumbawanga mwenye suti mbili na maringo ya suti kumi. Ndani ya chama tulibaki wawili, mimi na Baba Debora, mfanyabiashara wa mtaa wa Majengo aliyeuza mbolea tangu serikali ilipowaachia watu binafsi biashara hiyo. Wajumbe walikuwa wapige kura siku moja, ukumbini, wamchague mmoja wetu asimamishwe na chama kugombea ubunge. (Tatizo, na hili nililipuuza, Baba Debora alikuwa mteja wangu. Miaka sita nimemtetea mahakamani, leo mzigo wake umelowa, kesho kagombana na mwenye lori kule mpakani Kasesya.)

Basi nikajifanya mjanja. Nikamfuata mjomba Teofili, mjumbe wa kijijini kwetu, nikamwomba wakati wa maswali asimame amuulize Baba Debora kwa nini alituuzia mbolea iliyoganda kama jiwe. Nilijua swali hilo linammaliza. Mjomba ni mtu wa haya, hata kanisani hasomi somo, lakini alilikariri siku tatu huku akipalilia maharage, kwa ajili yangu tu.

Siku ikafika, wajumbe wamejikunyata ndani ya makoti kwa ule upepo wetu. Nikahutubia, nikapigiwa makofi, nikakaa. Baba Debora naye akahutubia, mjomba akasimama akauliza swali lake vizuri kabisa, ukumbi ukaguna. Baba Debora akafanya kile alichozoea kufanya mahakamani akibanwa: akageuka akanitazama mimi.

Nami nikasimama. Miguu ilijiendea yenyewe, nawaambia kweli, nikafunga kifungo cha koti nikasema, "Mheshimiwa msimamizi, naomba nimuulize shahidi maswali mawili matatu," na msimamizi (ambaye alikuwa mzee wa baraza mahakamani, kanizoea) akaniruhusu bila kufikiri.

"Mbolea uliinunua lini?"

"Mwezi wa tisa," mjomba akajibu, akinishangaa.

"Ukaiweka wapi mpaka mvua zinaanza?"

"Si unapajua, mwanangu? Ghalani kwangu."

"Jibu swali. Paa la ghala linavuja?"

"Linavuja kidogo, tena ulisema utaniletea mabati..."

"Ndiyo au hapana?"

"Ndiyo."

Nikawageukia wajumbe, nikawaonyesha kwamba mbolea iliganda kwa maji ya mvua, muuzaji ni mtu mwaminifu asiye na hatia yoyote, nikakaa. Ukumbi ukalipuka kwa makofi na vigelegele, nami nikawa nainamisha kichwa kupokea, mpaka nilipomwona mjomba bado kasimama, kofia mkononi, hajui akae au aendelee kusimama. Hapo ndipo akili ikanirudia.

Kura zikahesabiwa, Baba Debora akanishinda vibaya sana. Alinikumbatia huku analia, akasema hajapata kuona wakili kama mimi.

Nilimkuta mjomba nje anafungua baiskeli yake. Nikamwomba radhi, kisha kwa kujifariji nikasema, "Ila mjomba, angalau kura yako najua ilikwenda wapi."

"Nilimpa yeye," akasema, wala hakuwa na hasira. "Si umetuonyesha mwenyewe kwamba hana kosa? Sasa wewe uliyenituma nikamsingizie mbele za watu, ningekupaje?"

Miaka mitano baadaye niligombea tena, nikaenda kwanza kuezeka lile ghala, nikashinda. Na tangu siku ile sijamtuma mtu aulize swali langu, nauliza mwenyewe. Na bungeni, waziri akibanwa akaanza kugeuka upande wangu, mimi nainama haraka kufunga kamba za viatu, na viatu vyenyewe mara nyingi havina kamba.