Doa la kijani kwenye kifuniko cha chemba

Jumatano, saa moja kasorobo asubuhi. Wendell Prokop anapiga magoti kwenye nyasi za Bibi Ludmila Zelenka na kukipindua kifuniko cha chuma cha chemba, upande wenye rangi uangalie chini. Ndipo anapovaa glavu na kushuka kwenye shimo kubwa lililo kando yake.

"Wee Wendell, hicho kifuniko umekioa?" anamtania msimamizi wake, Marv Hruska. "Kila siku unakilaza kama bibi harusi!"

Wenzake wanacheka. Wendell hacheki.

Shimo hilo lilifunguka Aprili, siku ya tatu ya mvua, bomba la maji ya mvua lilipokatika chini ya Mtaa wa Linden, nyuma ya nyumba hii. Lilimeza kibaraza cha nyuma cha bibi huyu wa miaka 83, pamoja na kamba yake ya nguo. Alikuwa ndiyo kwanza ameingia ndani na kapu. Sasa analala kwa binti yake, na kila asubuhi huwaletea mafundi mikate midogo yenye tunda la plamu katikati.

Baraza la mji wa Brenner Falls lilitoa dola 640,000 za dharura, bila zabuni. Zilikuwa fedha za kutengeneza bwawa la kuogelea, kwa hiyo watoto hawataogelea mwaka huu. Wendell, mwenye miaka ishirini na miwili kazini, analipwa ovataimu kuziba shimo hilo.

"Pesa hiyo mke wangu ameiweka benki," anasema. "Mimi sijaigusa. Nitaigusaje?"

Kila kiangazi yeye hukagua chemba. Huinua kifuniko kwa ndoano, humulika bomba, halafu hupuliza doa la kijani kwenye kifuniko kuonyesha kwamba ameangalia. Agosti mwaka jana, siku moja ya joto kali, kiuno kikimuuma, hakushuka garini. Alifunga kopo la rangi kwenye fimbo, akapuliza kupitia dirishani, mtaa mzima.

"Nilijiambia ziko nzima. Na gari lilikuwa na ubaridi mzuri," anasema, akitazama buti zake. "Hivyo tu. Sina cha kusingizia."

Kesho yake, Alhamisi, Wendell alichelewa kufika. Alikuta kifuniko kiko chali, na Bibi Zelenka amekifanya meza ya sinia lake.

"Mwanangu, hili doa la kijani ni la nini?" bibi alimuuliza.

Marv akawahi. "Maana yake Wendell amechungulia ndani, bibi. Uko salama!" Watu wakaangua kicheko.

"Sikuchungulia, bibi," Wendell akasema. "Nilipaka nikiwa nimekaa garini. Ningefungua, ningeiona kutu."

Kicheko kikakatika.

"Nimekuwa nikikuombea kanisani," Bibi Zelenka alisema. "Kwa jina lako." Akachukua sinia lake. Alipofika kwenye lango akageuka. "Ulipaka vingapi namna hiyo?"

"Kumi na viwili, pamoja na hiki."

"Basi kuna nyumba kumi na moja ambako watu bado wanaanika nguo."

Siku hiyo Marv hakumsemesha tena. Jioni Wendell alipeleka maelezo yake ofisini, kwa mwandiko wake mwenyewe. Anasubiri uamuzi, na huenda akafukuzwa. Kwa sasa wamemwacha afungue chemba hizo. Amefungua sita. Katika mbili kati ya hizo, sakafu ya bomba imeliwa na kutu mpaka udongo unaonekana. Zimezungushiwa uzio na wenye nyumba wamehamishwa.

"Wakinifukuza, basi iwe baada ya hizo tano zilizobaki," anasema. "Mvua isinitangulie."

Kwenye nyasi, kifuniko sasa kimelala chali, doa juu. Hakuna anayekigusa. Bibi Zelenka bado analeta mikate, na anagawa kwa mkono wake mwenyewe, mtu mmoja mmoja. Akifika kwa Wendell, anampita.

"Natamani aanike nguo zake hapa tena," Wendell anasema, akiokota ndoano yake. "Na siku hiyo mimi nisiwepo, asilazimike kunisalimu."