Sukari Niliyotia kwenye Maziwa ya Mama

Hili siwezi kulisimulia nikabaki na heshima, kwa hiyo cheka tu, ila ujue mimi bado linaniuma.

Mama alipofariki tulimhamishia Baba kwangu Kahama, akawa hali chakula. Alitaka kitu kimoja tu, maziwa mgando ya kibuyu cha Mama. Kibuyu alibaki nacho mdogo wangu Kabula kule Mhunze, na tangu Mama aolewe hakikuwahi kuguswa na sabuni, kila alipomimina alibakiza maziwa kidogo chini yawe mbegu ya kesho. Siku moja kabla ya ibada ya kumkumbuka, Kabula akaja nacho kwa basi, kimejaa, kakipakata njia nzima.

"Dada, usiyamalize. Bakiza mbegu."

Sasa mimi ni mwalimu wa baiolojia (na hapo ndipo balaa lilipoanzia). Nikaona kibuyu chenye masizi kitanitia aibu mbele ya walimu wenzangu, nikahamishia maziwa yote kwenye galoni ya plastiki, nikatia nusu kilo ya sukari ili bakteria wazaliane upesi, nikakaza kifuniko, nikaiacha dirishani juani, halafu kibuyu nikakisugua kwa sabuni ya unga mpaka kikang'aa.

Kesho yake mchana sebule imejaa, mchungaji kakaa karibu na Baba, nami nimesimama na galoni nafundisha (nani aliniomba?) kwamba bakteria hawa wanakula sukari, na wana protini inayofanya kazi mbili, ndani yao inavunja sukari wapate nguvu, nje inawashikiza kwenye utumbo, "kama Mama, alisukasuka maziwa huku ametubeba mgongoni." Watu wakapiga makofi. Nikafungua kifuniko.

Nilisahau kwamba kwenye kibuyu huwa kuna hamira za asili pia, nazo zikipewa sukari zinatoa gesi. Kifuniko kilinitoka mkononi kwa kishindo, maziwa yakaruka hadi darini, yakamwagikia Biblia ya mchungaji, koti la Baba, zulia, mimi ndiyo usiseme. Mwalimu mkuu aliinama akijifanya anatafuta kiatu, mabega yanamtikisika.

Kabula hakucheka. "Mbegu umeibakiza wapi?"

"Yote yalikuwa humu."

"Na kibuyu?"

"Nimekiosha."

Akakaa chini, akajifunika uso kwa kanga.

Baba alipitisha kidole kwenye mkono wa koti lake, akaonja.

"Matamu," akasema polepole. "Ya mama yenu yalikuwa makali." Kisha akaomba apelekwe chumbani.

Kabula alikusanya masalia ya galoni akayarudisha kibuyuni pamoja na maziwa mapya, yakaganda kweli, lakini yalinuka sabuni, na Baba aliponusa tu akageukia ukutani. Hakuomba tena.

Kibuyu kiko juu ya kabati langu, kisafi kabisa. Nimeapa chombo cha mtu sitakiosha tena kabla ya kumuuliza mwenyewe, na huyu wa kumuuliza ndiye tuliyekuwa tunamkumbuka siku ile.