Tumeshinda Embu

Kwa Kiswahili cha shule nilikuwa moto wa kuotea mbali. Kule kwetu Muthara, Tigania, mwalimu alizisoma insha zangu mbele ya darasa mpaka wenzangu wakanichoka, na nilipofika chuoni Nchiru bado nilitembea na kiburi hicho. Tangazo likibandikwa mlangoni mwa hosteli na kosa la ngeli, nilitoa kalamu nyekundu nikalisahihisha hapo hapo, mwenye tangazo akiniangalia. Ndiyo maana jambo ninalotaka kulisimulia linaniuma mpaka leo. Nilisoma vibaya maneno mawili ya Kiswahili, tena mepesi, ambayo mtoto wa darasa la pili anayajua.

Nilipanga chumba kimoja na rafiki yangu aliyekuwa mchezaji wa timu ya wasichana ya mpira wa kikapu. Mimi sikucheza. Mimi nilipiga kelele, na nilizipiga vizuri. Nilikuwa msimamizi wa kundi la WhatsApp la mashabiki, cheo nilichojipa mwenyewe, na mtu akiandika upuuzi kuhusu timu nilimtoa bila kumuaga. Rafiki yangu alinicheka, akasema timu ina kocha mmoja uwanjani na mwingine mdomoni. Alikuwa mtu mpole, wa maneno machache, hata ujumbe wake wa simu ulikuwa mfupi kama orodha ya sokoni.

Mama yake aliishi nje kidogo ya mji wa Nkubu, kwenye barabara ya Embu, akiwa na shamba la migomba na nduma, yaani magimbi, na huo mpira hakuupenda hata kidogo. Kwanza ile kaptura. Pili, mwaka wa kwanza binti yake alikuwa ameteguka goti, akakaa nyumbani wiki tatu na mguu juu ya kiti. Aliwahi kutuuliza, kwa upole kabisa, kama siku ya mahafali huo mpira nao utavaa joho. Nilimwona mshamba. Sasa mimi mwenyewe ni mzazi na nikikumbuka swali lile naona aibu. Lakini rafiki yangu hakucheka. Aliniambia baadaye kwamba vikombe havimshughulishi sana, anachotaka ni mama yake amuulize, siku moja tu, "Mlicheza aje?" Alikuwa hajawahi kuulizwa.

Jumamosi ile timu ilienda kucheza Embu. Basi liliondoka alfajiri likiwa na nafasi ya wachezaji tu, sisi mashabiki tukabaki. Mechi ilikuwa ya saa nne asubuhi. Saa tano tulikuwa tumekusanyika kwenye kibanda cha chai karibu na lango la chuo, watu kama kumi, kila mmoja akiangalia simu yake. Kimya. Saa sita, kimya. Hatukujua kwamba Embu mvua ilikuwa imelowesha uwanja, ambao ni wa sakafu ya saruji na hauna paa, na kwamba timu mbili zilikuwa zimekaa chini ya veranda zikingoja maji yakauke. Tulikunywa chai mpaka tukaikinai.

Saa tisa simu yangu ikalia. Ujumbe ulikuwa wa rafiki yangu, na bado naukumbuka neno kwa neno:

"Tumeshinda Embu. Simu inazima. Ambia mum tutapita Nkubu kitu saa kumi na mbili, nitashuka."

Nilipiga nduru mpaka mwenye kibanda akadhani nimeungua. Watu walikumbatiana. Kijana mmoja wa uhasibu alipanda juu ya benchi, akaanza kuhutubia. "Si nilisema? Si nilisema hao wa Embu ni mboga?" Mwingine akawa anasema, "Aki leo hakuna kusoma!" kana kwamba siku nyingine alisoma. Nami nikafungua kundi nikaandika kwa herufi kubwa, TUMESHINDA, nikamwaga makofi na mioto mpaka skrini ikajaa.

Mtu aliyeshinda hazungumzii betri. Hilo nalijua sasa. Aliyeshinda angeandika pointi, angeandika jina la aliyefunga, angetafuta chaji hata kwa jirani asiyemjua. Rafiki yangu alikuwa ameandika tu kwamba wamekaa Embu kutwa nzima, kama vile mtu anavyosema ameshinda shambani au ameshinda kwa daktari. Mimi nilisoma kwamba wameipiga Embu. Masikio yangu yalikuwa yamengoja neno hilo tangu asubuhi, na lilipokuja sikuliuliza limetoka wapi.

Halafu nikampigia mama yake. Tuliongea Kimeru, yeye cha Imenti na mimi changu cha Tigania ambacho kilimchekesha kila mara. Sasa Kimeru si kama Kiswahili. Kina neno la kumshinda mtu, na kina neno lingine kabisa la kushinda mahali mchana kutwa, na hayo mawili hayakutani. Hapo Mungu alikuwa ananipa nafasi ya kusimama kidogo na kujiuliza. Nilichagua neno la kwanza wala sikupunguza mwendo.

Nilisikia kuku upande wake.

"Wamewashinda watu wa Embu?" akauliza.

"Ndiyo, Mama. Huko huko kwao."

"Na mtoto wangu alikuwa ndani?"

"Alikuwa ndani, Mama. Bila yeye hawangeweza." Hilo nililiongeza mwenyewe.

Akasema, "Basi njoo Nkubu, wewe mtu wa Tigania. Hatuwezi kuwaacha wapite hivi hivi."

Nilipofika Nkubu ilikuwa yapata saa kumi na moja na nusu. Nilimkuta kando ya barabara, upande wa magari yanayotoka Embu, amevaa rinda lake la kanisani. Alikuwa na wanawake watatu wa jumuiya yao, beseni la mukimo, vile viazi vya kupondwa na mahindi, uliofunikwa kwa majani ya mgomba, na thermosi mbili za ucuru, ule uji wetu uliochachuka. Alinishika mkono asiuachie. Alikuwa na furaha, na alikuwa anajaribu kuificha asionekane kwamba alikuwa ameikosea ile kaptura. Nilimpenda sana dakika ile.

Simu ikaanza kutetemeka. Kundini mtu aliyekuwa na binamu Embu alikuwa ameweka picha ya ubao wa pointi. Tulikuwa tumepigwa, kwa pointi moja. Binamu alikuwa ameeleza mpaka mwisho: zikibaki sekunde chache mchezaji wetu alipewa mitupo miwili ya bure akaikosa yote. Na mchezaji huyo alikuwa rafiki yangu.

Maneno yakanijia kama nyuki. "Nani alisema tumeshinda?" "Admin ni muongo." "Tumechekwa na Embu nzima juu yako." "Kiswahili kibao na kusoma hujui." Hilo la mwisho ndilo lililonichoma. Mtu aniite mwongo, sawa, lakini sio kwamba sijui kusoma. Nilikuwa bado nimeshikwa mkono na mama wa watu. Kwa mkono ule mwingine nikapiga skrinshoti ya ujumbe wa rafiki yangu, nikaibandika kundini, nikaandika chini yake: "Ameandika mwenyewe. Muulizeni yeye."

Haikuchukua hata nusu dakika. Nyuki wakanihama wakaenda kwake. Waliandika kwamba kumbe mtu anaweza kukosa mitupo miwili na bado aandike ameshinda. Kumbe huko Embu mwenzetu alikuwa ameenda kushinda tu, kama mgeni wa arusi. Mtu akatengeneza stika. Nilisikia nafuu, na nasema kweli, nilisikia nafuu tamu kabisa, ile ya mtoto ambaye fimbo imempita ikampiga jirani.

Mama akaniuliza, "Wanasema nini?"

"Wanafurahi," nikajibu.

Ningeweza kumwambia. Nilikuwa na karibu dakika ishirini. Nilimtazama akinyoosha majani juu ya beseni na nikaona kesho, kesho kutwa, wakati wowote mwingine, lakini si sasa. Basi likatokea pale kwenye kona na wale wanawake wanne wakatoka barabarani na vigelegele.

Dereva alisimama kwa sababu hangeweza kuwapita bila kuwagonga. Madirishani nyuso za wasichana zilitutazama, na ninajua walichofikiri, walifikiri tunawachezea. Mlango ukafunguka. Rafiki yangu akashuka na begi begani, macho yamevimba, na mama yake akamrukia akimwita mshindi, mbele ya watu wote wa stendi ya Nkubu.

Rafiki yangu aliniangalia juu ya bega la mama yake. Sikuweza kuyatazama macho yale.

"Mama," akasema, "tumeshindwa. Na ni mimi nimekosa."

Vigelegele vikakatika kimoja kimoja. Mwanamke mmoja wa jumuiya akaanza kufunga leso yake upya bila sababu. Mama akarudi nyuma hatua moja, akamtazama binti yake tangu raba mpaka nywele. Kisha akauliza, kwa Kiswahili, ili kocha na basi zima wasikie:

"Kwani mmekula?"

"Hapana," akajibu kocha. "Hawa tangu asubuhi ni chai tu."

"Basi si mmeshinda njaa? Hiyo nayo ni kushinda. Shikeni sahani."

Basi lote lilicheka, wasichana wengine huku wakilia. Walikula wamesimama kando ya barabara, wakamaliza beseni, wakakwangua mpaka majani. Ucuru haukutosha na hakuna aliyelalamika. Basi likaendelea kwenda chuoni, sisi tukatembea mpaka nyumbani, rafiki yangu, mama yake na mimi. Rafiki yangu alikuwa ameshaelewa kosa langu, hata akalicheka njiani. "Wewe na Kiswahili chako," akasema, akanisukuma bega. Nikacheka naye. Nilitembea kama mwizi, kwa sababu simu yake ilikuwa imezimika tangu saa tisa na hakuwa ameona chochote.

Nyumbani aliichomeka simu kwenye soketi iliyo karibu na redio, akaketi. Mama akatuletea chai na nduma kwenye sinia. Akavuta kigoda, akaweka mikono magotini, akasema:

"Sasa niambie. Mlicheza aje?"

Rafiki yangu akachukua nduma zilizobaki kwenye sinia akazipanga mezani, tano upande huu, tano upande ule, akaanza. Huyu ndiye mrefu wao. Huyu ni mimi. Sijawahi kumsikia akiongea vile. Alieleza mvua, alieleza sakafu iliyoteleza, alieleza jinsi walivyokuwa nyuma wakafika karibu kabisa. Mama alikuwa ameinama juu ya nduma zile na kila mara aliuliza, "Na huyu naye?" Binti alipofikia ile mitupo miwili, mama alisema tu, "Ulikuwa umechoka," akaisogeza ile nduma moja kwa kidole ikakaa karibu na wenzake.

Na mimi nilikuwa naangalia soketi. Maneno yalikuwa pale ulimini: kuna kitu nimefanya, kabla hujawasha, nisikilize. Nilikuwa na nduma kumi za muda. Sikusema.

Simu ikawaka. Ikatetemeka, ikaendelea kutetemeka mpaka ikasogea kwenye ukingo wa meza. Akaichukua akacheka kidogo, "Leo napendwa," akasoma. Alisoma kwa muda mrefu. Mama akauliza ni akina nani.

"Ni watu wa chuo," akasema. "Wanatusalimia."

Aliniita nje tukaoshe vikombe, ingawa vikombe vilikuwa vitatu. Kwenye mfereji akanionyesha simu.

"Kusoma vibaya si kitu," akasema. "Hata mimi niliandika vibaya, sikutaka kuandika ile ingine, ya kushindwa. Na hawa wacha watukane, tumepigwa na Embu, watatukana. Lakini angalia zako mbili tu." Akaweka kidole. "Hii ya saa tisa, *tumeshinda*. Mimi na wewe. Hii ya jioni, *muulizeni yeye*. Ni masaa mawili na nusu, na tayari mimi ni yeye."

Mimi wa kalamu nyekundu sikuwa na la kusahihisha. Niliomba msamaha, nikalia, nikafuta ile skrinshoti ingawa ilikuwa imeshazunguka chuo kizima. Akaniambia, "Imeisha." Aliisema upesi na kwa upole, na kweli tuliendelea kukaa chumba kimoja, tukipika pamoja, tukiazimana nguo mpaka tukamaliza masomo. Mtu wa nje asingeona tofauti.

Mechi iliyofuata ya ugenini nilishinda na simu mkononi. Ujumbe haukuja. Kama saa kumi hivi nilikuwa kwenye foleni ya maktaba, mama yake akanipigia, sauti imejaa kicheko. Alisema binti amemwandikia kila kitu, pointi, nani amefunga, mpaka mtu aliyeanguka kwenye benchi.

"Amekwambia pia kuhusu ile pointi ya mwisho?" akauliza.

"Ndiyo, Mama," nikasema. "Ameniambia."

Nilipokata simu nilifungua kundi, ili nami nijue kama tumeshinda.