Pinda, Kaa

Dada yangu alituletea mchumba Mholanzi nyumbani Maisaka, mrefu kiasi kwamba alisalimiana na fremu ya mlango kabla ya kumsalimia mama. Shikamoo yake ilitoka vizuri. Nadhani aliisomea kama watu wanavyosomea leseni ya udereva. Sote tulijua kilichomleta: mama akimkataa, hakuna ndoa. Dada alishaapa hivyo, naye hana utani.

Mama alikuwa amesimama mezani akimimina chai, mkate umeshakatwa. Mgeni akaliona kopo la siagi ya karanga, uso ukachanua, akalinyooshea kidole.

"Pindakaas!"

Ile s ya mwisho iliishia kwenye meno yake. Mama alisikia pinda, kaa.

Akaweka birika chini. "Hata mahari hajaleta," akaniambia, "ameshaanza kuniamrisha nipinde?"

Magoti ya mama ni mabovu, na kupinda ndiko kunakomtesha kuliko kitu chochote. Mchumba angeomba radhi tu yakaisha. Badala yake akatufungulia darasa, mimi nikitafsiri Kiingereza chake. Pinda kwao ni karanga, kaas ni jibini. Zamani, alisema, sheria yao ilikataza kuiita siagi, kwa kuwa siagi ni ya ng'ombe tu. Ndiyo maana wakaiita jibini.

"Na hiyo jibini kwao wanaikamua wapi?" mama akauliza. "Kwenye mti?"

Hilo nililitafsiri kwa furaha isiyo na adabu. Mholanzi akakuna kichwa, akauliza sisi tunaiitaje. Nikamwambia, siagi ya karanga.

"Kwa hiyo nyinyi karanga mnazikamua?"

"Amesemaje?" mama akauliza.

Ikabidi nitafsiri. Nilikasirika, maana alikuwa amesema kweli, tena mezani kwetu, huku akitabasamu.

Mama alivuta kigoda kwa mguu, akamwonyesha mgeni. "Pinda, kaa."

Jamaa akaangalia mezani, akachukua kopo, akampa kwa mikono miwili, kichwa amekiinamisha, kama dada alivyomfundisha kumpa mkwe kitu.

Mama alibaki nalo mkononi. Nilitaka kucheka, lakini nilimwona dada mlangoni, ameacha hata kupumua.

"Na wewe usisimame hapo," mama akamwambia. "Njoo umpakie mumeo mkate."