Yule wa Kokwijuka

Mwaka 1956 hapakuwa na mahali katika vijiji vya Rubya ambapo Buberwa angeweza kukaa akanywa rubisi yake, pombe ya ndizi, bila kutajiwa mdogo wake. Akipeleka kahawa ghalani, karani wa mizani alimwuliza kama ni kweli wao ni wa baba mmoja. Akitoka kanisani, wazee walimpa mkono wakamwambia, "Juzi tumemsikia mwenzio mbele ya chifu wetu, Mkama, akiongea habari za shule. Yule mtu ana kinywa." Hata fundi baiskeli, aliyecheza naye utotoni, alikuwa ameanza kumwita "ndugu yake Kagaruki", kana kwamba Buberwa mwana wa Rweyemamu, mwenye kibanja kikubwa cha migomba na kahawa na msimamizi wa ukoo, hakupewa jina siku alipozaliwa.

Kagaruki alikuwa amesoma Makerere, akafundisha, akapelekwa Uingereza miaka miwili, akarudi na kupewa kazi ya kukagua shule. Aliandika magazetini. Akisema, Wazungu walimsikiliza na wazee wa Kihaya walimsikiliza, na si wengi walioweza kusikilizwa na pande zote mbili. Buberwa alikuwa amekutana naye mara nne tu tangu utoto, na kila mara alirudi nyumbani amenuna, asiweze kumweleza mkewe Celina kimetokea nini. Maana hakikuwa kimetokea kitu. Kagaruki hakuwahi kumdharau. Alimwita kaka, aliuliza habari za mibuni na za watoto. Buberwa alitafuta kosa lake akalikosa, na hilo likazidi kumtia uchungu. Ni kazi ngumu kumchukia mtu asiyekupa sababu.

Walikuwa wamezaliwa na mama wawili katika kibanja kimoja. Jovita, mama yake Buberwa, alikaa katika nyumba kubwa ya msonge iliyotazama njia. Kokwijuka, mke mdogo, alikuwa na nyumba yake upande wa chini, migomba inapoishia na kuanza uwanda wa nyasi. Mwaka 1928 Rweyemamu alitaka kubatizwa. Padri akamwambia lile lililoambiwa kila mtu: mke awe mmoja. Rweyemamu aliwaza misimu miwili ya mvua. Mwishowe akabaki na Jovita, kwa kuwa ndiye wa kwanza. Kokwijuka akafunga vyombo vyake, akamshika mkono Kagaruki, aliyekuwa na miaka sita, wakatembea siku mbili hadi Kibeta, kwenye kilima cha mji wa Bukoba, alikoishi kaka yake, seremala Mlutheri.

Buberwa alikuwa na miaka tisa, na siku ile alifurahi. Hilo alilikumbuka vizuri, na hakuwahi kulipeleka kwenye kitubio. Kila asubuhi Tata, baba yao, alikuwa na desturi ya kuzunguka migomba yake akiwa amembeba yule mdogo mabegani, na Buberwa akifuata nyuma kwa miguu. Sasa, alifikiri, mabega yamebaki yake. Lakini tangu siku ile Tata hakumbeba mtu tena. Alizunguka migomba peke yake, na Buberwa aliendelea kumfuata kwa nyuma.

Kibanja kikawa cha Buberwa, kwa haki na bila mshindani. Miaka ile, mtu mwenye kibanja ndiye mtu. Ukoo ulimsikitikia mtoto wa Kokwijuka, aliyekwenda kulelewa kwa mjomba bila mgomba hata mmoja. Mjomba naye, kwa kuwa hakuwa na ardhi ya kumpa, alimpeleka shule. Sasa miaka ishirini na minane ilikuwa imepita, na hakuna aliyekumbuka ni nani aliyesikitikiwa.

Mwezi wa saba akaja kijana aitwaye Karugendo, kwa baiskeli, shati limelowa jasho. Aliandikia gazeti dogo la mjini ambalo sasa halipo tena. Alikuwa akikusanya habari za utoto wa watu mashuhuri wa Buhaya: walizaliwa wapi, wazazi wao walikuwa nani, walicheza michezo gani. Celina akamletea kahawa ya kutafuna, naye akakaa juu ya nyasi zilizotandikwa sakafuni, akafungua daftari.

"Nimeambiwa wewe ndiye unayejua mwanzo wake," alisema.

"Nani mwingine angejua?"

"Basi nieleze, mzee wangu. Alikuwa mtoto wa namna gani?"

"Mwoga," alisema Buberwa. "Aliogopa ng'ombe. Aliogopa radi. Ikinguruma alijificha chini ya kitanda cha mama yake."

Karugendo akacheka, akaandika. "Hiyo nzuri sana. Wasomaji watapenda kusikia kwamba mtu kama yule aliwahi kuogopa ng'ombe."

Buberwa akamtazama akiandika. Akamwambia kwamba Kagaruki alichelewa kusema. Karugendo akaandika kwamba alikuwa mtoto wa kufikiri. Akamwambia kwamba alilia ovyo. Karugendo akaandika kwamba alikuwa na moyo mwepesi. Kila uchafu aliomrushia ulifika kwenye daftari ukiwa umeoshwa. Kisha kijana akaomba aonyeshwe nyumba aliyozaliwa Kagaruki.

"Haipo. Niliibomoa, nikapanda mibuni."

"Pole. Na mama yake, aliondokaje hapa?"

Angeweza kusema ukweli. Haukuwa na aibu kwa mtu yeyote. Nusu ya nyumba za nchi ile ya Ihangiro zilikuwa na hadithi kama hiyo. Lakini alikuwa amechoka kuona sifa zikiota kila alipotema mate.

"Alitoroka," alisema. "Alimfuata mwanamume wa mjini. Tata aliachwa akimlilia mtoto."

Kalamu ikasita. "Niandike hivyo?"

"Si umeuliza?"

Gazeti lilitoka baada ya wiki tatu. Celina, aliyejifunza kusoma kwenye mafundisho ya dini, alimsomea mumewe kwa sauti, kidole kikifuata mistari. Alipofika mahali pa Kokwijuka akasoma tena, kimoyomoyo.

"Huyu mama bado yu hai," alisema.

"Najua."

Celina akalikunja gazeti, akaenda jikoni.

Jumamosi iliyofuata, basi la Bukoba lilimshusha mwanamke njiapanda, naye akapanda kijia hadi kwenye uwanja wa Buberwa. Alikuwa na miaka hamsini na kitu, mwembamba, amejifunga kitambaa cheupe kichwani kama wanawake wa kanisa la Kibeta. Celina alipokisia kwamba ndiye Kokwijuka alipiga magoti kumwamkia, na hakuinuka haraka. Buberwa alikuwa akianua kahawa kwenye mikeka. Alisimama na mikono mitupu.

"Waitu mama," alimwamkia kwa Kihaya.

"Nimesomewa gazeti," alisema Kokwijuka. "Nimesomewa na mchungaji, kwa sababu watu walikwisha kumsomea yeye. Sikuja kugombana. Nimekuja ili uniambie kwa kinywa chako jina la yule mwanamume, maana mimi simjui."

Buberwa hakuwa na jina la kumpa. Alisema, "Nilikosa." Alilisema kwa sauti ndogo hata akalazimika kulirudia.

"Ndiyo, ulikosa," alisema Kokwijuka. "Utakwenda kwa yule mwandishi ukamwambie hivyo hivyo. Sasa nionyeshe alipolala Rweyemamu."

Kaburi lilikuwa ndani ya migomba, kilima cha udongo kilichozungushiwa mawe. Kokwijuka alilizunguka, akang'oa majani mawili matatu, akasimama. Yule mtu alikuwa mumewe miaka minane. Alipokufa, mwaka 1945, habari zilifika Kibeta siku nne baada ya maziko.

"Alikufa na akili zake?" aliuliza.

"Alikuwa nazo."

"Alimtaja mtoto?"

Hakuuliza kwa mtego. Aliuliza kama mtu anayetarajia kuambiwa hapana, aliyekwisha kuizoea hapana hiyo na kutaka tu kuisikia mara moja ili mambo yaishe. Na Buberwa, ambaye kwa miaka kumi na moja hakuwa amemwambia jambo hili hata Celina, alijikuta analisema.

"Siku tatu. Alimwita siku tatu."

Kokwijuka akakaa chini, palepale kwenye majani makavu ya migomba.

"Ilinipasa nimtume mtu Kibeta," Buberwa alisema. "Baiskeli ilikuwepo, na watu wa kuipanda walikuwepo. Sikumtuma mtu."

Kokwijuka akajishika kwenye shina la mgomba, akainuka. "Hilo la gazeti nimelibeba mimi mpaka hapa," alisema. "Hili la pili silibebi. Mwanangu utampelekea wewe mwenyewe."

Akakataa chakula, akakubali maji, akarudi njiapanda kungoja basi. Celina alimsindikiza.

Buberwa alikwenda Jumatatu. Alianza mjini kwa Karugendo, akamweleza. Kijana akakuna kichwa, akasema masahihisho yatawekwa, na kweli yaliwekwa, mistari mitano chini ya matangazo ya mnada. Kutoka hapo alipanda hadi Kahororo, kwenye nyumba ya bati aliyopangiwa Kagaruki. Alimkuta barazani, miwani puani, mbele yake rundo la karatasi. Kagaruki akainuka, akampokea kwa mikono miwili.

"Karibu, kaka. Kama ni habari ya gazeti, tusiizungumze. Nilifikiri mwandishi amekosea."

Hata hapo, akitazama meza, karatasi na kalamu yenye kifuniko cha dhahabu, Buberwa alihisi kile kitu, ule uchungu wa siku zote juu ya mdogo wake, kikimwuma. Angeweza kuishia hapo. Mwandishi alikosea, wangekunywa chai, angerudi kwake. Mdogo wake alikuwa amemfungulia mlango wa kutokea bila kujua.

"Si ya gazeti," alisema. Hakukaa. Alimweleza akiwa amesimama: ugonjwa wa Tata, siku tatu, na baiskeli iliyoegemezwa ukutani.

Kagaruki alivua miwani. "Alisema nini hasa?"

"Alisema, 'Yule wa Kokwijuka yuko wapi? Mleteni.' Asubuhi, mchana, jioni, ni hilo tu." Buberwa akameza mate. "Mimi ndiye niliyemgeuza kitandani. Mimi ndiye niliyemlisha uji na kumfua nguo. Siku tatu zile hakutaja jina langu hata mara moja. Nikasema moyoni, basi na akuite mpaka achoke."

Kagaruki alitazama bonde.

"Nilikuwa Kampala," alisema. "Ningekuja. Hata kwa miguu ningekuja. Miaka yote hii nimejua kwamba alitutoa, akatusahau. Nimesoma nikijua hivyo. Nimefika Ulaya nikijua hivyo."

"Hakukusahau."

"Nimesikia." Akavaa tena miwani. "Rudi nyumbani, kaka. Leo siwezi kukukaribisha chai. Usinifikirie vibaya, lakini siwezi."

Buberwa akarudi. Njia nzima, ndani ya basi lililojaa mikungu ya ndizi, alingoja ahisi mzigo umepungua kama wanavyosema mapadri. Ulipungua kidogo. Lakini mahali palipoachwa wazi na mzigo ule alikuta huzuni nyingine, ya zamani zaidi: kwamba Tata alimwita mwingine, na kusema ukweli hakukuwa kumebadilisha hilo. Alipofika alimsimulia Celina yote. Celina alimsikiliza hadi mwisho, akamtengea ndizi na maharage.

"Mgonjwa huita asiyekuwepo," alisema. "Wewe ulikuwepo. Angekuitia nini?"

Buberwa akala.

Mwaka mzima Kagaruki hakuandika wala hakuja. Kisha, kiangazi cha 1957, akaleta barua fupi kwa mkono wa dereva wa basi: angependa kulijengea kaburi la Tata kwa saruji, kama kaka hana kipingamizi. Kaka hakuwa na kipingamizi. Kabla ya siku kufika, Buberwa aling'oa mibuni tisa upande wa chini wa kibanja, palipokuwa na nyumba ya Kokwijuka, akapasawazisha, akapanda mimea ya mipaka kuonyesha kwamba pale pana mwenyewe. Aliwaita wazee wa ukoo wakashuhudia. Hakutoa hotuba.

Kagaruki alifika na mifuko minne ya saruji na mama yake. Alionyeshwa kile kipande cha ardhi. Alitembea kutoka mpaka hadi mpaka, akauliza mimea ile ni ya nani, akaambiwa ni mipaka yake. Aliinama, akachukua udongo, akauacha uanguke. "Asante," alisema, na Buberwa akasema, "Ni pako," na wote wawili wakaona aibu, wakaenda kazini.

Walijenga siku mbili. Kagaruki alikunja suruali yake, akavua viatu, akachanganya saruji kwa sepetu. Habari zikaenea kijijini, watu wakaja kutazama. Walisimama chini ya migomba wakinong'ona: mtazameni, mtu aliyefika Ulaya, mkaguzi wa shule, ameshika sepetu kwa mikono yake mwenyewe, jamani unyenyekevu gani huu. Mzee mmoja alitoa kofia.

Buberwa alikuwa akiteka maji mtoni tangu alfajiri. Huo ulikuwa mteremko mrefu, na hilo lilikuwa debe la kumi na saba. Alipita katikati ya watu na debe lake kichwani, maji yakimdondokea shingoni, na hakuna hata mmoja aliyesema kitu, isipokuwa mmoja aliyemwomba asogee kidogo, anaziba.

Kile kitu kikamwuma, palepale pa siku zote. Alimimina maji mahali Kagaruki alipomwonyesha. Kagaruki akainua uso uliojaa vumbi la saruji, akamwambia, "Inatosha, kaka, pumzika."

"Bado madebe mawili," alisema Buberwa, akashuka tena mtoni.